Kijiwe cha kahawa Mwanjelwa kinachofundisha uchaguzi wa Marekani: nendeni, ila wahini viti

Kama uko Mbeya na hujafika hiki kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Mwanjelwa Jumamosi jioni basi kuna kitu unakosa, nasema kwa moyo wote. Siku za kawaida ni kijiwe tu, kahawa chungu ya Mbozi, kashata, wazee na drafti lao pembeni. Jumamosi ndo mwenyewe, mwalimu mstaafu wa uraia, anaweka meza katikati anachambua jambo moja mpaka linaeleweka, kiingilio buku mbili na kahawa imo humo humo. Niliyohudhuria mimi ilikuwa ya namna Wamarekani wanavyorekebisha upigaji kura wao baada ya zile chaguzi za migogoro.

Kilichonikamata ni karatasi aisee. Alituchorea mfano wa karatasi ya kura ya Palm Beach, Florida, mwaka 2000, akatoa fotokopi akatugawia na vijiti vya meno, akasema haya mpeni Gore kura, yule aliyegombea urais na Bush. Majina yako kushoto na kulia, vitundu vinashuka katikati mstari mmoja. Bush jina la kwanza kushoto, tundu la kwanza. Gore yuko chini yake hapo hapo kushoto kwa hiyo mkono unaenda wenyewe tundu la pili, kumbe la pili ni la Buchanan, mgombea mwingine aliyeko upande wa kulia, la Gore ni la tatu! Dada aliyekaa mbele yangu katoboa la pili kisha kaangalia vizuri, "Mwalimu mbona nimempa mtu hata simjui?" Sasa chukua hiyo uweke kwenye jimbo ambalo Bush alipita kwa kura 537 tu na kuhesabu upya kukasimamishwa na Mahakama ya Juu, ndo unaelewa kwa nini mwaka 2002 Bunge lao lilitunga sheria ya kuyapa majimbo hela waachane na mashine za kutoboa.

Ya 2020 alienda haraka kidogo maana wengi tuliifuatilia. Biden kura za wajumbe 306 (hao wajumbe wa majimbo ndo wanaomchagua rais rasmi), Trump 232, kesi zaidi ya 60 mahakamani na karibu zote zikagonga mwamba, halafu Januari 6, 2021 watu wakavamia Bunge kura zikiwa zinahesabiwa. Sheria ya kuhesabu kura hizo za wajumbe bungeni ilikuwa ya 1887, maneno yake hayaeleweki, ndo maana watu walimshinikiza makamu wa rais Pence, aliyekuwa anasimamia hesabu, azikatae kura za Biden. Desemba 2022 wakairekebisha: makamu wa rais hana mamlaka ya kuamua chochote pale, na pingamizi sasa linataka moja ya tano ya wabunge wa kila baraza, Seneti na la Wawakilishi, wakati zamani seneta mmoja na mwakilishi mmoja walitosha kusimamisha shughuli. Januari 2025 makamu wa rais Harris akasimamia hesabu iliyomtangaza Trump, mpinzani wake, ikaisha kwa amani.

Mwalimu anaisifia sana sheria hii, mimi naona wameezeka paa upya lakini msingi bado una nyufa. Pennsylvania bahasha za kura za posta haziruhusiwi kufunguliwa mpaka saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi, Florida wao wanaanza mapema. Kwa hiyo 2020 Trump akaonekana anaongoza Pennsylvania, bahasha zikawa zinafunguliwa siku baada ya siku, Biden akapita mbele, na katikati hapo uongo wa kura kuibwa ukapata muda wa kutosha kutembea. Na 2024 wameingia na utaratibu ule ule! Wabadilishe hili kwanza, halihitaji hata kugusa katiba.

Mzee mmoja akauliza sasa mwalimu kule tume ya taifa ni ipi, akajibiwa hakuna tume moja inayotangaza, kila jimbo na utaratibu wake na kaunti ndo zinahesabu. Kijana akanyanyuka akasema wao angalau kesi zilisikilizwa, sisi ibara ya 41(7) ya katiba yetu inasema Tume ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Mwalimu hakukwepa, aliisoma ibara yote kwa sauti watu wakajadili kwa adabu, hapo nampa heshima zake zote.

Mapungufu yapo. Viti vichache, ukichelewa unasimama, na projekta mwanga hafifu wa nyuma tulikuwa tunakisia maandishi. Kubwa zaidi ni muda. Aliyeshinda 2000 na 2016 kote alizidiwa kura za wananchi nchi nzima, na kuna majimbo yamekubaliana kumpa wajumbe wao mshindi wa nchi nzima siku makubaliano yakifikisha wajumbe 270 kati ya 538, hili ndo lililonipeleka pale na likapitiwa dakika za mwisho watu wanatafuta bajaji. Mwalimu tunaomba Jumamosi nzima ya hilo peke yake, hata kiingilio kikipanda tutalipa. Nyota nne.