Amri ya kuingia kwa mkono: nyota moja, labda mbili

Nimekaa kuandika kwa sababu ya hasira, nisifiche. Unataka wakala wa akili unde asome kalenda ya wageni wa kampuni, unaandika amri ya kumwingiza kwenye akaunti kwa mkono, na skrini inajibu: "Brauza imefunguliwa, tunasubiri." Brauza ipi? Programu inayomwendesha wakala iko kwenye seva ya kukodi Ujerumani, mashine isiyo na skrini wala kipanya. Mimi niko Njiro, Arusha, na kwenye laptopu yangu hakuna kilichofunguka. Linki ya kuingilia haikuchapishwa popote. Mstari mmoja tu wa maandishi ungemaliza kazi, na hawakuuweka.

Anayeitumia kwenye laptopu yake mwenyewe hataliona tatizo hili, atabonyeza "Ruhusu" na kuendelea. Maneno haya ni ya wale wanaoingia kwenye seva kwa ssh, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali.

Seva ya zana ya MCP (itifaki inayomuunganisha wakala na zana za nje, kama kalenda) ikiombwa kitu bila tokeni, yaani kibali cha kidijitali, hujibu 401, "huna idhini", na kuonyesha idhini inapatikana wapi. Programu hutengeneza siri ya PKCE (ya kuthibitisha kwamba anayeleta msimbo ndiye aliyeuomba), hufungua porti, yaani mlango wa mawasiliano, kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo kila mashine hujiita yenyewe, kisha husubiri brauza irudi pale na msimbo wa idhini. Sasa 127.0.0.1 ya brauza yangu ni laptopu iliyo mezani hapa, na ile ya programu iko Ujerumani. Ukishabonyeza "Ruhusu", brauza inagonga mlango wa nyumba siyo.

Linki niliipata hivi. Tengeneza faili dogo kwenye seva, liite linki.sh. Mstari wa kwanza uwe #!/bin/sh, wa pili echo "$1" > ~/linki.txt. Lipe chmod +x ili liweze kuendeshwa, weka kigeu cha mazingira BROWSER kielekee kwenye faili hilo, ndipo uandike amri ya kuingia. Programu ikidhani inafungua brauza, inaandika linki kwenye linki.txt. Usiweke BROWSER=echo peke yake, maana programu nyingi hutupa kile ambacho brauza inachapisha, na utabaki unaangalia skrini tupu.

Usibonyeze linki bado, isome kwanza. Ndani yake kuna redirect_uri, anwani ambayo brauza itarudishwa, na baada ya 127.0.0.1%3A kuna namba, tuseme 43117. Hiyo ndiyo porti. Programu hii huchagua mpya kila mara, ndiyo maana huwezi kuiandaa mapema. Fungua terminali ya pili kwenye laptopu, andika ssh -L 43117:127.0.0.1:43117 na jina la seva, kisha ndiyo ufungue linki. Brauza itapita kwenye bomba hilo hadi Ujerumani kana kwamba iko palepale.

Kama umeshabonyeza na brauza inasema imeshindwa kuunganisha, usifunge ukurasa na usiurudie. Msimbo uko juu, kwenye sehemu ya anwani. Nakili anwani nzima, nenda kwenye dirisha jingine la seva, andika curl (amri ya kufungua anwani bila brauza) na uifunge anwani kwa alama moja moja za kunukuu, '...'. Alama hizo ni lazima. Katikati ya code (msimbo wenyewe) na state (alama ya kutambua ombi) kuna &, na bila kunukuu, terminali inaikata amri hapohapo. State inapotea, programu inakataa, nawe unalaumu nywila isiyo na kosa. Msimbo hutumika mara moja tu, na kanuni ya OAuth, utaratibu wa kutoa idhini hizi, inashauri usiishi zaidi ya dakika 10. Dirisha la kwanza nalo liache linasubiri. Ukilifunga, siri ya PKCE imekwenda nalo na msimbo huo haufai kitu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja yote haya, pamoja na ombi la kuchapisha linki. Jibu lilikuja la mstari mmoja: nifute kashe ya brauza. Tiketi ikafungwa kabla sijajibu. Kashe ya brauza ambayo haikuwahi kufunguka! Nimeeleza hatua kwa hatua, kwa adabu, na mtu hakusoma hata mstari wa kwanza. Hilo limeniuma kuliko hitilafu yenyewe.

Jingine kwa wenzangu wa ofisi za utalii. Mara nyingi namba ya uthibitisho huenda kwenye simu ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko mbugani ambako mtandao unakuja na kuondoka. Programu inasubiri dakika tano tu kisha inakata. Mpigie kwanza, awe na simu mkononi, ndipo uanze amri.

Pamoja na hayo, siwezi kusema kuingia kwa mkono ni kubaya. Kwa kweli naitaka njia hiyo. Ukiacha mambo yajiendeshe, wakala anakutana na 401 saa kumi alfajiri, anaiweka zana pembeni na kuendelea na kazi bila hiyo. Asubuhi una orodha safi ya wageni wa Machame na Marangu, njia za kupandia Kilimanjaro, ambayo hakuisoma popote, kaibuni. Ukiingia mwenyewe kabla ya kazi, unaona ni akaunti gani na ruhusa zipi zinaombwa. Mimi nilikuta inaomba kuandika kwenye kalenda wakati kazi ni kusoma tu, nikaiondoa. Kwa hilo ningetoa nyota tatu.

Halafu ikaniambia "Umefanikiwa kuingia", na baada ya saa moja tokeni ikafa. Haikuomba tokeni ya kuhuisha, ile ya kupatia tokeni mpya ya zamani ikiisha, na haikusema. Kwa akaunti za Google, linki lazima iwe na access_type=offline. Na kama mradi wako kwenye Google bado uko katika hali ya majaribio, tokeni ya kuhuisha ya kalenda hudumu siku 7 tu, kisha unapata kosa la invalid_grant, yaani kibali hakikubaliki tena. Kwa hiyo usiliamini neno "umefanikiwa". Mwambie wakala asome tukio moja unalolijua, kisha mrudie baada ya saa mbili alisome tena.

Basi zile nyota tatu nimezirudisha. Moja ni ya skrini ya ruhusa. Ya pili nilitaka kuitoa kwa sababu njia ya ssh ikishakaa sawa inafanya kazi kila mara, lakini nikikumbuka ile kashe ya brauza, mkono unakataa. Malipo ya mwezi ujao nimeyasimamisha. Akaunti sijaifuta, na faili la linki.sh bado liko kwenye seva.