Fundi umeme wa Mabatini aliyefungua stata mbele yangu

Noah yangu ni ya 1999, otomatiki, na ndiyo inayonibebea magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Miezi miwili ilinitesa. Nikigeuza ufunguo taa za dashibodi zinawaka vizuri, halafu "tak!" moja, kimya. Nikirudia mara saba, nane, inawaka kana kwamba haikuwa na shida. Na otomatiki, hata uwaite vijana wote wa mwaloni wasukume, haiwaki.

Fundi wa kwanza, simtaji, aliniuzia betri mpya ya 185,000 bila kupima chochote. Siku ya tatu "tak" ikarudi. Akaniambia basi nitafute stata ya mtumba, ile mota inayozungusha injini iwake.

Jirani yangu wa biashara ndiye aliyenielekeza Mabatini, kwa mzee mmoja wa umeme wa magari. Huyu hakuanza na spana, alianza na mita. Betri ikasoma volti 12.6. "Mama, hebu piga stata." Tak. Mita ikashuka kidogo tu, ikabaki juu ya 12. Akasema betri ingekuwa imechoka namba ingeporomoka. Hapa umeme upo, ila hauvuki kuingia kwenye mota. Akapima waya wa hasi unaofungwa kwenye injini, mzima. Kale kawaya kadogo kanakotoka kwenye swichi ya ufunguo, umeme unafika.

Ndipo akashusha stata na kufungua kifuniko cha solenoidi, ile swichi ya stata inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota. Ndani mna vipande viwili vya kopa, na kisahani kinachovigonga vyote kwa pamoja ili umeme upite. Kimoja kilikuwa bado kinene. Cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa, cheusi, kimebaki chembamba kama ukucha. Alinipa nikishike. Ile pesa ya betri iliniuma upya palepale.

Nilimuuliza kama msasa hautoshi. Akakataa: msasa unaondoa kopa hiyohiyo kidogo iliyobaki, wiki mbili utarudi. Akaweka vipande vipya na kisahani chake, akapuliza masizi. 45,000 pamoja na ufundi.

Kwenye muda hapana. Aliniambia saa moja, nikakaa saa tatu juani, benchi la kivulini hakuna. Nendeni asubuhi mapema, na mwavuli.

Huu ni mwezi wa nne tangu anitengenezee, hata alfajiri ya mvua nageuza ufunguo mara moja tu. Kile kipande kilicholika nimekihifadhi kwenye droo ya gari.