Nyumba ya kuunganisha niliyompelekea mama Lushoto: boksi mbili nzuri, maungio hayana mwenyewe

Nitasema kwanza zuri la kampuni iliyoniuzia nyumba hii ya boksi za chuma kutoka karakana ya Dar, maana nikianza na lile la maungio, pale boksi mbili zinapokutana, sitapata nafasi ya kulirudia. Nyumba ina joto. Mwenye ndugu Lushoto anajua Julai ilivyo kule juu, kwenye mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari: ukungu unaingia mpaka jikoni na blanketi mbili hazitoshi. Mama yangu miaka yote alikuwa analala na jiko la mkaa chumbani, jambo lililokuwa linaninyima usingizi mimi niliyeko Dar. Sasa kuta zina paneli zenye povu katikati, anafunga mlango, analala bila mkaa. Kwa hilo peke yake nilikuwa nimeshawapa nyota nne moyoni.

Sasa sikilizeni habari ya maungio.

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33, nyembamba, imechongwa kwenye mwamba, mkono mmoja mlima na mkono mwingine bonde. Zipo kona ambazo basi likikutana na lori mmoja lazima arudi nyuma. Boksi moja la mita 12 kwenye zile kona ni kutafuta kuziba njia ya watu wote wa juu. Kampuni wakashauri tuchukue boksi mbili za mita 6, kila moja na lori lake, upana kama wa kontena, kisha ziwekwe ubavu kwa ubavu zifungwe kwa bolti. Ushauri wa maana, hapo sina ugomvi nao. Lakini ukizilaza boksi mbili ubavu kwa ubavu, unapata mstari wa mita 6 juu ya paa, katikati kabisa ya nyumba, unaopita juu ya sebule na juu ya mlango wa chumba cha mama. Mstari ule ndio nyumba yenyewe. Ukikosea pale umekosea kila kitu.

Nguzo za zege alizisimamisha mzee fundi wa palepale kijijini, kwa mpira wa maji, na siku boksi zilipoteremshwa kwa winchi zilikaa sawasawa, bolti zikaingia zenyewe. Msimamizi wa kampuni alifika mwaka juzi masika yakinukia, asubuhi yenye ukungu. Alimpita mama kwenye kigoda chake bila hata shikamoo, akaanza kuamrisha vijana. Nilinyamaza. Nikajiambia amechoka na safari.

Kumbe kofia ya bati ya kufunika maungio ilibaki karakana Dar. Nilipouliza akasema silikoni inatosha, atabandika na utepe wa alumini juu yake. Mzee fundi akamwambia kwa upole, "Kijana, mvua ya huku haishuki wima. Inakuja na upepo kutoka bondeni, inapanda." Jibu lake nimelibeba mpaka leo: "Mzee, wewe kazi yako ya nguzo umeshamaliza. Hii ni teknolojia, si matofali."

Mtu aliyejenga nusu ya kijiji kile anaambiwa hivyo mbele ya watoto wake waliokuja kusaidia kusukuma.

Nilisimama chini nikamtazama anavyofanya. Bati lilikuwa na umande. Alilifuta kwa mkono wa shati, akakamua silikoni, akaisawazisha kwa kidole, akashuka. Silikoni haishiki kwenye vumbi wala kwenye maji, hilo limeandikwa hata kwenye chupa yake. Na hata ingeshika, chuma kinatembea. Paa la chuma la mita 6 likipata tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na jua la saa saba linarefuka zaidi ya milimita moja, kisha usiku linarudi. Kila siku. Boksi mbili, kila moja inavuta kwake, na katikati ule uzi wa silikoni uliobandikwa juu ya umande. Winchi ilikodiwa kwa siku, wakawahi kuondoka.

Masika yalipochanganya mama akanipigia usiku. Kwanza doa la kahawia kwenye dari, kisha matone, yamejipanga kwenye mstari ule ule kuanzia mlango wa mbele mpaka ukuta wa nyuma. Maji yakafuata waya mpaka kwenye taa ya sebule. Mama, ambaye hajasomea umeme, alikuwa na akili ya kwenda kuzima swichi kubwa. Nilipofika niliikuta plaiwudi ya sakafu chini ya mstari imevimba, kingo zimeachana kama kurasa za daftari lililoloweshwa. Ukikanyaga maji yanachuruzika kwenye vidole. Godoro la mama lilikuwa limesimamishwa ukutani.

Nikampigia msimamizi. Anajibu: "Dada, huo ni mvuke. Mama anachemsha sana ndani. Mwambieni apunguze."

Nyumba ya bati kwenye baridi inaweza kutoa jasho ndani, najua, na paneli zikifungwa vibaya jasho linakuwa tatizo la kweli. Lakini jasho haliisubiri mvua. Jasho halidondoki kwenye mstari mmoja na kuziacha kuta zote kavu. Na mama yangu hapiki ndani! Anapika kwenye jiko la nje, lile la siku zote, kwa sababu hakutaka nyumba mpya inuke moshi. Yule bwana angemsalimia mama siku ile angeliona lile jiko, lilikuwa nyuma ya kigoda alichokipita.

Nilipoomba waje chini ya dhamana, mchezo ukaanza. Karatasi ya dhamana inasema inahusu boksi kama lilivyotoka karakana. Karakana wanasema kuziba maungio ni kazi ya timu ya kufunga. Timu ya kufunga, kumbe ni watu wa kukodi, wanasema walifanya walivyoelekezwa na karakana. Boksi la kushoto lina mwenyewe, boksi la kulia lina mwenyewe, pale yanapokutana hapana mtu. Mimi sikununua boksi. Nililipia nyumba, risiti imeandikwa nyumba.

Aliyekuja kuokoa ni mzee yule yule. Alikunja bati bapa kuwa kofia pana inayoshuka pande zote mbili za maungio, akalitandikia mpira chini, akapiga skrubu upande mmoja tu. Upande wa pili akaubana kwa vishikizo, ili boksi zikivutana bati lisichanike. Hakuna aliyemfundisha hesabu ya chuma na joto. Tukamwagia maji kwa mpira kwa muda mrefu, kutoka juu na kutoka upande wa bonde, ndani pakavu. Vuli nzima imepita, hakuna tone. Malipo aliyotaka niliona aibu kuyataja, nikaongeza.

Watu wananiuliza ninunue au nisinunue. Jamani, nikitulia nasema nunua. Tofali za kuchoma zinakula kuni za mlima mzima, kisha zipandishwe kichwani mpaka kiwanjani, na mafundi wakae kwako wakila miezi na miezi. Boksi zilisimama upesi, mama hakuhangaika kupikia watu, na joto nimeshalisema. Halafu nakumbuka "mama apunguze kuchemsha" na nasema hapana, msinunue, hasa kwa watu hawa. Atakayeng'ang'ania, basi mkataba uandike kwa jina nani anawajibika na maungio baada ya kufungwa, kofia ya bati aione kwa macho yake juu ya lori kabla halijatoka Dar, na winchi isiondoke mpaka paa limemwagiwa maji. Malipo ya mwisho abaki nayo mkononi. Mimi yangu ninayo bado, na ndiyo sababu pekee bado wanapokea simu zangu.

Nyota mbili. Moja ya paneli, moja ya vijana waliosukuma, ambao walikuwa na adabu kuliko mkubwa wao.

Na ninyi wa kampuni, ujumbe wenu wa juzi nimeupata, kwamba mtabadilisha sakafu nikifuta haya niliyoandika. Sifuti. Leteni plaiwudi, mrudishieni mzee gharama ya bati lake, na yule bwana apande mwenyewe mpaka kwa mama amwambie shikamoo na amwombe radhi. Akifanya hivyo nitaandika hapahapa kwamba amefanya, na salio nitalituma siku hiyohiyo.