Kisima cha mchangani au jabia: Lamu tuchimbe au tukinge?

Finland hunywa maji mengi ya matuta ya changarawe yaliyoachwa na barafu ya kale. Mji wa Lamu hunywa ya matuta ya mchanga ya Shela, kijiji jirani. Mchanga huchuja mvua na kuitunza bila tangi, na kiangazi kisima hakikauki upesi. Hapo kinaishinda waziwazi jabia, yaani birika la kukingia maji ya mvua.

Lakini maji hayo matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyashusha sentimita moja kwa pampu, chumvi chini yake yaweza kupanda takriban sentimita 40. Kwanza sabuni hukataa kutoa povu, kisha chai hubadilika ladha. Ndiyo maana naamini ndoo na kamba kuliko injini, na kila nyumba inayojengwa juu ya matuta yale inaniuma, kwani hufunika mchanga unaotuchujia mvua.

Jabia ni ghali kuijenga, ila paa la mita 50 za mraba hukinga lita 1,000 mvua ikinyesha milimita 20. Fagia paa kabla ya masika, ziba nyufa, funika mdomo mbu wasizae.

Uliye Shela na kisima kitamu, kitunze, uteke polepole. Uliye kisiwa cha Pate na kisima kimeshaingia chumvi, anza na jabia. Mwenye choo cha shimo karibu na kisima, kwa kunywa, kinga maji ya mvua.