Seti ya kupumulia injini kwa Datsun 240Z inayowekewa injini ya L28: nimeifungua yote

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo mezani nimetandaza seti nzima ya kupumulia injini: valvu ya PCV (ile inayorudisha gesi za ndani ya injini zikaungue tena), mpira wake, klipu, kichujio kidogo cha kung'aa, na hili kopo la kunasia oili. Inalenga watu wanaoshusha injini ya L24 kwenye Datsun 240Z na kupandisha L28 mahali pake. Mnaijua kazi hiyo. Bloku ni za ukoo mmoja, maunti zinakaa palepale, unatoka cc 2393 unaingia cc 2753. Mtu anahangaika na kabureta, klachi na ekzosi, halafu hii mipira anaikumbuka siku ya kuwasha.

Mwenye haraka achukue hukumu yangu sasa hivi aende zake: valvu nzuri, mpira mzuri, kichujio usikifunge. Kopo nitawafungulia mlione wenyewe.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe. Ringi za pistoni, hata ziwe mpya, hazizibi kabisa. Kila silinda inapowaka, gesi kidogo inapenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gesi hiyo imebeba petroli ambayo haijaungua, mvuke wa maji na tindikali. Ikikaa humo, oili inageuka uji mweusi. Na presha ikipanda inatafuta pa kutokea: inainua stiki ya oili, inasukuma oili ipenye kwenye sili ya nyuma ya krenki. Wapo watu wameshusha giaboksi wakabadilisha sili isiyo na kosa lolote, kumbe bomba la kupumulia lilikuwa limeziba. Zamani magari yalikuwa na bomba tupu linaloshuka chini, mvuke wote unamwagwa barabarani. Magari mapya yaliyouzwa California yakaanza kuja na mfumo wa kurudisha gesi ndani ya injini tangu modeli za 1961, kwa hiyo 240Z ilipotoka miaka karibu kumi baadaye, ilitoka nao kiwandani.

Kwenye injini hizi za L njia ni hivi. Upande wa manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi), bloku ina bomba la chuma limechomoza. Mpira unatoka hapo unapanda hadi kwenye PCV, na PCV yenyewe imefungwa kwa nyuzi kwenye lile bomba la kusawazisha linalounganisha pande mbili za kabureta. Juu, tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, ina mpira wake unaokwenda kwenye eya klina. Hewa safi inaingia kwa juu, chafu inanyonywa kwa chini. Lakini ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mvuto kwenye manifoldi unakufa, na gesi nyingi inageuza njia: inapanda kupitia tapeti kava kwenda eya klina. Shikeni hilo, maana ndilo litakalonikosanisha na hiki kichujio baadaye.

Haya, valvu. Naisogeza kwenye kamera. Sikilizeni nikiitikisa... tak, tak. Ndani kuna kiplanja na springi. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma yenyewe, mvuto ni mkubwa, kiplanja kinavutwa kinabana njia inabaki ndogo. Ukitembea mwendo wa kawaida mvuto unapungua, springi inakirudisha, njia inapanuka. Na injini ikipiga mshindo kwa nyuma kupitia manifoldi, kinarudi kuziba ili moto usishuke kwenye sampu. Mafundi wengi wanaitikisa, wakisikia sauti wanasema nzima. Sauti inakwambia kiplanja hakijaganda, basi. Haikwambii springi ina nguvu gani, wala tundu ni la kiasi gani. Ndiyo maana valvu ya gari jingine inaweza kuingia vizuri kwenye nyuzi halafu injini ikagoma kutulia, nawe unakesha unazungusha skrubu za kabureta bure.

Hii ya kwenye seti nimeifunga, nikaacha kabureta kama zilivyokuwa, na mngurumo haukubadilika. Nikachomoa mpira injini ikiwa inawaka nikaweka kidole kwenye mdomo wa valvu: kinanyonywa, na injini inabadili sauti papo hapo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nyuzi zimekatwa safi, inaingia kwa mkono kabla ya spana. Sina neno.

Mpira nao wamefanya kazi. Tazameni umbo lake: kona imetengenezwa tangu kiwandani, haikukunjwa. Hapo chini ya manifoldi nafasi ni finyu na joto la ekzosi liko jirani. Ukichukua kipande kilichonyooka ukakilazimisha kukunja, kikipata joto kinalainika, mvuto unakibana, kinalala bapa. Kwa nje utaona mpira upo. Ndani hakuna kinachopita. Kosa jingine ni kukata kipande cha mpira wa hita kwa sababu kipenyo kinalingana. Mpira wa hita umetengenezwa kwa ajili ya maji. Mvuke wa oili na petroli unauvimbisha kutoka ndani hadi unakuwa laini kama nyama. Tafuta uliotengenezwa kwa oili na mafuta, wa naitraili au bora zaidi. Klipu walizoweka ni za skrubu zenye matundu, zinakata mpira ukikaza kwa hasira. Mimi nimefunga za springi.

Sasa kichujio. Kinapendeza, na kwenye picha za magari ya maonesho utakiona kimesimama juu ya tapeti kava. Ukikifunga pale, ule mpira wa eya klina unautoa. Sasa kumbukeni niliyosema: ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, gesi inatokea juu. Itatokea hapo hapo, ndani ya boneti. Kava itapata utando wa oili, vumbi litaganda, na harufu itaingia ndani ya gari kupitia tundu lolote kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kwenye gari la kabureta hiyo ni kero. Lakini kama L28 yako imekuja na mfumo wake wa sindano za kupulizia petroli kutoka 280Z, toleo la baadaye la gari hili, ile L-Jetronic ya Bosch, hapo ni kosa kabisa. Mfumo ule unapima hewa kabla haijaingia. Hewa inayoingilia kwenye kichujio hiki, ikapita ndani ya krankikesi (chumba cha krenki) hadi kwenye PCV, haikupimwa na mtu. Mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, injini inatetemeka. Wanaozifahamu injini hizo wanajua: fungua tu kifuniko cha oili ikiwa inawaka uone inavyohangaika.

Kopo. Nje ni alumini iliyopigwa msasa, kazi ya mikono mizuri. Natoa skrubu... nafungua... haya, angalieni. Tupu. Bomba la kuingia hili, la kutoka hili, yako jirani juu kabisa, na katikati hakuna hata bamba. Gesi inaingia, inageuka, inatoka na oili yake. Kopo linalofanya kazi linailazimisha gesi igonge kitu: bamba, au wavu wa chuma kisichoshika kutu, ili matone yagande yashuke chini. Na msije mkajaza humo sitilwaya ya kuoshea sufuria. Inakatika vipande vidogovidogo, na vipande hivyo njia yao ni kuelekea kwenye valvu na manifoldi.

La pili, kifuniko hakina gasketi. Kopo hili linakaa kati ya bloku na PCV, maana yake liko kwenye mvuto muda wote. Likivuta hewa kifunikoni, umejiongezea tundu ambalo hukulipanga. La tatu, halina koki ya kumwagia chini, na wakati wa baridi kinachokusanyika humo ni maji na oili vimechanganyika rangi ya maziwa. Lazima kimwagwe mara kwa mara. Mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kulirekebisha. Kama lilivyo, ni pambo.

Kuna swali litakuja tu, la wale wanaofunga kabureta tatu za Weber. Ukifunga manifoldi ya aina hiyo, lile bomba la kusawazisha linaondoka, na PCV inakosa makao. Seti hii haikusaidii. Usizibe bomba la bloku ukadhani umemaliza. Peleka bloku na tapeti kava, kila moja kwa mpira mpana wake, kwenye kopo lenye wavu na tundu la kupumulia. Utapoteza ule unyonyaji wa PCV, kwa hiyo badilisha oili mapema zaidi, lakini presha haitakaa ndani.

Na kuna vitu ambavyo seti yoyote haina, viko ndani ya injini unayoipandisha. Chini ya tapeti kava kuna bamba la kuzuia oili isirukie kwenye mpira. Watu wanapeleka kava kupigwa mchanga ili wapake rangi, mchanga unajificha nyuma ya bamba hilo, na injini ikipata joto unaanza kudondoka juu ya kemshafti. Toa bamba kwanza, au tumia kemikali badala ya mchanga. Kwenye bloku nako, nyuma ya lile bomba la chuma, kuna bamba na wavu. Wavu ukiwa umejaa uchafu mgumu, valvu mpya na mpira mpya havina cha kunyonya. Na bloku ikiwa imetoka kuoshwa, hakikisha wavu umerudishwa. Unaufikia kwa chini tu, kwa hiyo kabla hujafunga sampu ingiza tochi humo uutazame.