Nakala za magari ya spoti ya zamani: ya kununua na ya kujenga Nyanda za Juu Kusini

Anayetamani gari la spoti la miaka ya 1950 au 1960 akiwa Mbeya, Iringa au Njombe hana haja ya kulifikiria lile halisi. AC Cobra, ambayo Carroll Shelby aliianzisha mwaka 1962 kwa kupachika injini ya V8 ya Ford kwenye gari dogo la Kiingereza, ilitengenezwa takriban 1,000 tu, na zilizobaki zinauzwa kwa bei ya majumba. Kinachowezekana ni nakala: ama uinunue ikiwa tayari, ama ununue seti ya vipuri na kuiunganisha, ama uijenge tangu bomba la kwanza. Njia hizo nimezipanga kwa kigezo kimoja ambacho wauzaji wa nje hawakigusi: kipuri kikifa Jumamosi, kitapatikana sokoni Mwanjelwa, Mbeya, au gari litalala gereji likisubiri meli?

Nafasi ya kwanza: Seven ya kujengewa hapa hapa

Lotus Seven ya Colin Chapman iliingia sokoni mwaka 1957, na tangu mwanzo Waingereza wengi waliinunua ikiwa vipande ili kukwepa kodi ya mauzo ya wakati huo. Mwaka 1973 haki za kuitengeneza zilichukuliwa na Caterham, ambayo inaiuza hadi leo. Sababu ya kuiweka juu ni umbo lake. Bodi ni mabati bapa ya alumini ambayo fundi bati mzuri anayakunja bila taabu, na ni pua na madigadi tu vinavyohitaji faiba.

Chasis hutengenezwa kwa bomba za mraba za inchi moja zenye unene wa milimita 1.6. Nenda dukani na venia (kipimo cha unene) yako mwenyewe, kwa sababu bomba linalotajwa kuwa na unene huo mara nyingi huwa jembamba zaidi, na macho hayatakuonyesha tofauti. Mwambie mchomeleaji ashike kila kiungo kwa pointi (vidoti vya welding) kwanza, fremu nzima ikiwa imefungwa juu ya meza iliyonyooka, kisha mpime mishazari yote miwili kutoka kona hadi kona. Tofauti ikizidi milimita 3, pointi zikatwe na kazi irudiwe kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Fundi anayemaliza upande mmoja wote ndipo ahamie wa pili atakukabidhi chasis iliyopinda, na hakuna wheel alignment itakayoiponya.

Kwa injini, gari la kutolea vipuri ninalolipendekeza ni Toyota Altezza yenye 3S-GE ya lita 2 na giaboksi ya gia 6. Mark II GX110 ziko nyingi zaidi mitaani, lakini 1G-FE yake ina silinda 6 kwa mstari mmoja, na urefu huo unadai boneti na chasis virefushwe. Nunua gari zima lililopata ajali, si injini peke yake, ili upate pamoja nayo kontrolboksi, waya ringi, funguo, propela, difu na stelingi zinazoelewana. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ipimwe mapema, kwa kuwa ikining'inia chini ya chasis ndiyo itakayopokea matuta ya barabara kuu ya TANZAM. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na injini isiyo na turbo hupoteza huku takriban moja ya sita ya nguvu zake; gari lenye uzito wa kilo 600 hivi halitahisi upungufu huo, ila anayechagua injini ya kabureta ajiandae kubadilisha jeti, la sivyo itakuwa inakula mafuta na kutoa moshi mweusi.

Makaratasi yatangulie moto wa welding. Onana na TRA na mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani ukiwa na mchoro, uombe maelekezo kwa maandishi kuhusu namba ya chasis, na utunze kila risiti ya EFD. Kukata kipande chenye namba kwenye gari la ajali na kukibandika kwenye chasis mpya ni kosa la jinai, hata kama fundi atakuambia ndivyo wanavyofanya wote. Ulizia bima kubwa mapema pia.

Nafasi ya pili: gari lisilo na injini kutoka Afrika Kusini

Afrika Kusini wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo stelingi iko panapotakiwa. Superformance, nakala ya Cobra, hutengenezwa Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, na Birkin ni Seven inayotoka Afrika Kusini pia. Gari linakuja limepakwa rangi na kufungwa shokapu na breki, nawe unaweka injini na giaboksi. Laweza kupanda lori hadi Tunduma, takriban kilomita 100 kutoka Mbeya. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa na usafiri na bima vikiwemo, kwa hiyo wakala wa forodha akupe makadirio, na akueleze kama cheti cha uasili cha SADC kitakubaliwa, kabla hujatuma malipo ya awali.

Nafasi ya tatu: Speedster juu ya Volkswagen Beetle

Nakala ya Porsche 356 Speedster ya mwaka 1954 hukaa juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 30. Injini yake hupozwa kwa hewa, kwa hiyo halina rejeta ya kuchemka. Tatizo ni kuipata Beetle ambayo sakafu yake haijaliwa na kutu.

Nafasi ya nne: seti ya Cobra kutoka Marekani

Factory Five na wenzake hutoa seti nzuri sana, lakini stelingi kwa kawaida iko kushoto, na seti kamili bila injini husogelea au kuzidi dola 20,000 kabla ya meli na ushuru. Ukishikilia, tumia 1UZ-FE, V8 ya lita 4 inayotoka kwenye Crown Majesta, kuliko Ford ambayo plagi zake tu utaziagiza.

Nakala za Lamborghini na Ferrari zilizovikwa juu ya Pontiac Fiero sizipangi nafasi yoyote.

Ukiuziwa mradi ulioachwa katikati, wa aina yoyote kati ya hizi, dai risiti na orodha ya vipuri, pima mshazari wa chasis, kisha ingia ndani ya bodi mchana na uangalie faiba dhidi ya jua: panapopitisha mwanga zaidi ni pembamba, na nyufa ndogo zenye umbo la nyota ni alama ya kugongwa. Makaratasi yasipokuwepo, usilipe zaidi ya thamani ya injini, giaboksi na difu vilivyomo.