TAHADHARI: Matapeli wa seti za vipuri vya SMG huku Marekani, Mtanzania mwenzetu kashaingizwa mkenge

Wakuu habari za muda huu. Hii inawahusu zaidi mlioko Marekani mnaopenda haya mambo ya kununua vipuri vya bunduki za kijeshi zilizostaafu na kuziunga upya, najua tupo wachache ila tupo, na siku hizi kuna matapeli wamechachamaa kweli kweli kwenye hii kitu.

Kwa asiyejua hii hobi ikoje, nchi kama Romania, Poland na Hungary zilipoachana na silaha zao za zamani za jeshi, wafanyabiashara wa Marekani walizinunua kwa wingi ila hawaruhusiwi kuziingiza zikiwa nzima. Risiva, ile bodi ya chuma inayobeba kila kitu, kwa sheria ya huku ndio bunduki yenyewe, kwaiyo inakatwa kwa gesi vipande vipande, na vinavyobaki, yaani kitako, mbao, boliti, vipande vya triga na mazagazaga mengine, vinauzwa pamoja kama seti. Mtu ananunua seti yake, anaenda kwa muuzaji mwenye leseni anachukua risiva mpya ya kufyatua moja moja, anajaza fomu 4473, ile ya serikali ya kununua bunduki, anachekiwa rekodi zake, afu anampelekea fundi bunduki anayejua kazi. Sisi tuliopita JKT, AK-47 tunaiita SMG na tumeibeba mpaka mabega yakaota sugu, sasa ukiiona picha yake na mbao zake nyekundu unasikia raha fulani hivi, na matapeli hilo wanalijua vizuri kuliko wewe.

Chambo chao kikubwa ni mtutu. Mpaka 2005 seti zilikuwa zinaingia na mitutu yake, mwaka huo ATF, wale wa serikali wanaosimamia silaha, wakazuia hiyo mitutu isiingizwe tena. Kwaiyo seti yenye mtutu wake wa asili kwa kawaida ni ile iliyoingia kabla, hazipo nyingi, na bei yake siku hizi inapita dola elfu bila aibu. Ukimwona mtu anauza hiyo hiyo, namba zote zinafanana, mtutu upo, dola 389 na usafiri bure, hapo hata usimwulize anapatikana wapi. Jirani yangu mmoja huku Texas alinibishia akasema labda ni mrithi, babu kafariki hajui thamani. Mrithi gani ana stoo ya seti 40 na tovuti yenye saa inayohesabu kurudi nyuma?

Sasa kilichomkuta jamaa yetu. Ni Mtanzania tunayekutana naye renji, mtu makini tu, sio mgeni wa intaneti. Tangazo alilikuta Facebook, limeandikwa kama linauza mbao za kale, ukibonyeza ndio linakupeleka kwenye tovuti ya duka. Facebook hawaruhusu matangazo ya silaha, ndo maana likavalishwa nguo za mbao. Jina la duka siliandiki hapa kwa sababu halina faida, tovuti ile ilishafungwa na ninavyoandika nimeona nyingine yenye picha zile zile, maneno yale yale, jina jingine. Shikeni tabia yao, majina wanabadilisha kama soksi.

Picha zenyewe ukizitazama kwa utulivu zinajisema. Tangazo linasema seti ya Romania kutoka kiwanda cha Cugir, alama ya Cugir ni pembetatu yenye mshale ndani, watu wa hii hobi wanaijua hata gizani. Kwenye picha kuna duara lenye namba 11, hiyo ni ya kiwanda cha Radom, Poland! Na kwenye kipande cha bodi kilichokatwa, pale swichi ya usalama inapokaa, unasoma herufi C na P, za Kipolandi hizo, Waromania wao wanaandika S, FA na FF. Maana yake tapeli kaokota picha za mnada wa zamani wa mtu mwingine, kabandika, hajui hata anauza nini. Tulipozitafuta hizo picha kwa Google zikatokea kwenye mnada uliofungwa siku nyingi.

Kuna jingine lilinichekesha. Tangazo linajisifu kwamba kila kipuri ni orijino cha Romania na hapo hapo ati "unaunga kama ilivyo, imekidhi sheria zote". Haiwezekani ikawa vyote viwili. Kuna kifungu cha sheria ya Marekani kinaitwa 922(r), kina orodha ya sehemu 20, na bunduki ya namna hii ukiiunga hairuhusiwi kuwa na zaidi ya 10 kati ya hizo zilizotoka nje, nyingine lazima ziwe za Marekani. Muuzaji wa kweli atakwambia mapema kabisa kwamba utahitaji kununua vipande kadhaa vya hapa, tena anavyo anakuuzia.

Malipo ndio penyewe. Walimwambia kadi hawapokei, eti mabenki yanawabagua watu wa silaha. Na hapa ujanja wao upo kwenye kachembe ka ukweli, maana PayPal kweli hawataki biashara hiyo, kwaiyo mtu akisikia anaona inaingia akilini. Ila maduka ya kweli karibu yote yanapokea kadi, yametafuta tu kampuni za malipo zinazowakubali. Huyu akataka Zelle, ile huduma ya kutumiana hela kwa akaunti za benki, kwa jina la mtu binafsi ambalo halihusiani na duka, na kwenye maelezo asiandike neno bunduki wala kipuri, aandike "zawadi". Wakuu, Zelle ukishatuma ukaidhinisha mwenyewe imeenda, ni ile ile "ile hela tuma kwenye namba hii" ya kwetu, imevaa suti tu. Akatuma.

Siku mbili wakampa namba ya kufuatilia mzigo, ya kampuni ambayo haipo, tovuti yake imetengenezwa na hao hao. Afu ikaja meseji kwamba mzigo umezuiliwa, inatakiwa bima dola 250, itarudishwa ukipokea. Hapo akashtuka akagoma. Ndipo rangi halisi ikatoka: wakamwambia asipolipa wanampeleka ATF kwa kununua silaha haramu, wana jina lake na anwani yake. Kwa mgeni, hasa mtu anayesubiri makaratasi yake, hiyo meseji inakunyima usingizi, na wanajua hivyo. Ukweli ni kwamba kwa sheria ya taifa seti isiyo na risiva sio bunduki, ni vipuri, na mwizi haendi kuripoti kwa polisi kwamba kamwibia mtu. Alifanya vizuri, alipiga skrinishoti kila kitu, akawablok, akaripoti benki, polisi na IC3, kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Benki wamemwambia hela aliidhinisha mwenyewe. Hiyo imekwenda.

Kukagua duka sio kazi kubwa. ATF wana huduma onlaini inaitwa FFL eZ Check (FFL ni leseni ya taifa ya biashara ya silaha), unaweka tarakimu 3 za kwanza na 5 za mwisho za namba ya leseni, inakupa jina na anwani ya mwenye leseni. Muuzaji wa vipuri vitupu halazimiki kuwa na leseni, ila huyu aliitundika kwenye tovuti, tukaiangalia, leseni ni halali kabisa lakini ya duka la jimbo jingine! Tukalitafuta lile duka kivyetu tukawapigia, mzee wa watu akasema sisi sio wa kwanza, wameiba nakala yake wanaitumia. Kwaiyo leseni kuwepo haitoshi, angalia anwani inafanana, na upige namba uliyoipata mwenyewe, usipige waliyokupa wao. Angalia pia tovuti imesajiliwa lini, ile ilijiandika "tangu 1998" wakati usajili wake haukuwa na hata miezi mitatu. Na kama unalipa kwa kadi ya mkopo una haki ya kupinga malipo ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kadi, ndo maana wanaikimbia.

Kuna wengine sio wezi kamili ila wanakera vile vile, wanauza seti za FAL, bunduki nyingine ya kijeshi, "daraja la kwanza" afu unapokea kachumbari, nusu ya FAL ya kiwanda cha Imbel cha Brazil ambayo ni ya kipimo cha metriki, nusu ya L1A1, FAL ya Uingereza, ambayo ni ya inchi. Zinafanana kwa macho lakini vipande kibao haviingiliani. Omba picha za seti utakayotumiwa wewe, na karatasi yenye jina lako na tarehe iwe imewekwa pembeni. Mwenye mzigo anapiga ndani ya dakika tano, asiye nao ataanza hadithi.

Na hili naomba msilisome haraka. Akitokea mtu anakwambia ana risiva ya jeshi ambayo haikukatwa, nzima, anakuongezea kidogo tu, ondoka hapo. Ile inapiga mfululizo, kisheria ni mashinigani, na kama haikuandikishwa kabla ya Mei 1986 raia haruhusiwi kuwa nayo, ni mpaka miaka 10 jela. Tapeli akikuibia hela umepona, tatizo ni akikuletea kweli. Wenye visa za muda, wanafunzi na wenzao, sheria inawakataza kumiliki bunduki wala risasi isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji, green card ndio wanaruhusiwa, na bado majimbo kama California na New Jersey yana sheria zake kali. Na yule aliyeniuliza juzi kama anaweza kuweka seti kwenye kontena la kwenda Dar, bro, hapana. Kutoa huku kunataka kibali cha serikali, na kule kuna Sheria ya Silaha na Risasi ya 2015 inakusubiri bandarini.

Mwisho, tangu jamaa aandike kilio chake wameshamfuata watu wawili inboksi wanajifanya wataalamu wa kurudisha hela zilizoibiwa, wanataka dola 100 ya kuanzia. Ni wale wale. Mwenye swali kuhusu eZ Check au kuhusu alama za viwanda aulize hapa hapa hadharani nitajibu, inboksi sijibu, na ukiona mtu kakufuata inboksi kwa jina langu ujue sio mimi.